Uwanja Umemea Nyasi: Sheria Inataka Nini Kwako?

Mvua ndefu ikishanyesha mwezi mzima, kila kitu humea. Mahindi humea, maharagwe humea, na nyasi nazo hazingoji kualikwa. Kufikia mwezi wa Mei nyasi za uwanjani zimefika magotini, na zile za ploti ya mtu aliyehamia mjini zimefika dirishani. Hapo ndipo maneno huanza. Jirani analalamika juu ya nyoka. Mzee wa kijiji anasema bwana afya yuko njiani. Mmoja anasema ati ukipatikana na nyasi ndefu unatozwa faini papo hapo. Mwingine anasema hiyo ni sheria ya mjini, huku kwetu haifiki.

Nani anasema kweli? Katika ukurasa huu tunataka kuieleza sheria hiyo kwa lugha ya kawaida, ili kila kikundi kiweze kuisoma mkutanoni na kuijadili. Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni moja: sheria ya uwanja ni sheria ya afya. Haikuwekwa kwa ajili ya urembo, wala haikuwekwa ili kumkomoa maskini. Mtu akishaelewa hilo, atajua cha kufyeka na cha kuacha. Pia atajua kuijibu barua ya afisa bila kutetemeka, na bila kutoa pesa ambazo hakupaswa kutoa.

SHERIA YENYEWE NI IPI?

Sheria kubwa inayohusu jambo hili ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya. Ni sheria ya siku nyingi. Ilianza kutumika Septemba 1921, wakati wa ukoloni, na tangu hapo imerekebishwa mara kadhaa. Bado ina nguvu hadi leo.

Kifungu cha 115 cha sheria hiyo kinakataza mtu yeyote kuleta, au kuacha iendelee, hali yoyote inayoweza kudhuru afya ya watu katika ardhi au nyumba aliyo nayo. Hapa tutaiita hali hiyo kero ya afya. Angalieni vizuri: kifungu hakimgusi mwenye hati ya shamba peke yake. Kinamgusa mwenye mali, kinamgusa anayekaa humo, na kinamgusa aliyeachiwa kuangalia mahali hapo. Mpangaji hawezi kusema, "Mimi ni mpangaji tu." Na mwenye nyumba hawezi kusema, "Mimi siishi huko."

Kifungu cha 118 kinataja mambo yanayohesabiwa kuwa kero. Orodha ni ndefu, lakini mengi mnayajua: nyumba iliyo chafu au mbovu kiasi cha kudhuru wanaolala ndani, choo kilichojaa au kinachonuka, kisima kichafu, mfereji uliokwama, dimbwi la maji machafu, rundo la takataka au samadi, na mifugo wanaofugwa kwa namna inayoleta madhara kwa watu.

Halafu kuna sehemu nzima inayohusu mbu, kuanzia kifungu cha 136. Hiyo ndiyo inayogusa uwanja moja kwa moja. Inasema kwamba maji yoyote yaliyotuama na kupatikana na viluwiluwi vya mbu ni kero, yawe ndani ya pipa, ndoo, mfereji au shimo. Inasema mwenye boma ahakikishe uwanja hauna chupa, makopo, vyungu na vitu vingine vinavyoweza kushika maji. Na kifungu cha 138 kinasema kwamba ndani ya mji, mtu asiache mahali pake pamee kichaka au nyasi ndefu za namna ambayo afisa wa afya anaona zitaficha mbu.

Ninyi wenyewe mnaona nyasi zimetajwa pamoja na nani. Zimetajwa pamoja na mbu. Sheria hiyo ya taifa haisemi nyasi zisizidi inchi ngapi, wala haisemi uwanja uwe na maua. Inauliza swali moja tu: je, mahali hapa panaweza kumletea mtu ugonjwa?

MJINI NA KIJIJINI

Yule aliyesema kwamba ni sheria ya mjini alikuwa na nusu ya ukweli. Kile kifungu cha nyasi ndefu kinataja mji. Lakini vile vya kero ya afya vinafika kila mahali, hata kule ambako barabara ya lami haijafika. Kwa hiyo mtu wa kijijini hashtakiwi kwa sababu ya nyasi tu, lakini anaweza kuitwa kwa sababu ya dimbwi, choo au takataka zilizojificha ndani ya nyasi hizo.

Jambo lingine ni mipaka. Vituo vingi vya soko ambavyo miaka ya nyuma vilikuwa na maduka matatu na mti mmoja leo vimekuwa miji midogo, na mashamba ya kando yameingizwa ndani ya manispaa. Unaweza kulala ukiwa mkulima na kuamka ukiwa mtu wa mjini. Kama kikundi chenu kiko karibu na soko, ulizeni mpaka unapita wapi.

Tena kuna sheria za kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizipa kaunti kazi ya huduma za afya za kaunti, uondoaji wa takataka, na udhibiti wa kero za umma. Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na tangu hapo kila kaunti hujitungia sheria zake. Ndiyo maana hatuwezi kuwaambia kwamba sheria ya Kisii ni sawa na ya Kilifi. Ulizeni kwa msimamizi wa wodi. Mnayo haki ya kuiona sheria hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi lenu ndani ya siku 21. Andikeni barua, tieni sahihi ya mwenyekiti na katibu, na mbaki na nakala.

KWA NINI MAJI KULIKO NYASI

Watu wengi huamini kwamba wakifyeka nyasi wamemaliza malaria. La hasha. Mbu hatagi mayai kwenye nyasi. Hutaga kwenye maji. Nyasi huwapa baadhi ya mbu kivuli cha kupumzikia mchana, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba zinaficha maji. Kopo lililotupwa kwenye uwanja mweupe utaliona asubuhi. Lililotupwa kwenye nyasi za magotini litakaa hapo mpaka Krismasi.

Tena mbu si wa aina moja, na kila mmoja ana maji yake.

Mbu wa malaria hupenda maji madogo yasiyo machafu sana, yaliyopigwa na jua. Nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua humtosha. Pia shimo la kufyatulia matofali, au mkondo wa gurudumu la trekta. Huyu hafukuzwi na panga hata kidogo. Hufukuzwa na jembe la kufukia.

Mbu wa homa ya dengi na chikungunya hupenda vyombo: matairi, makopo, mapipa ya maji ya nyumbani, hata vifuu vya nazi. Huyu huuma mchana. Watu wa Pwani wanamjua. Chikungunya iliwapiga watu wa Lamu mwaka wa 2004, na ikaja Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Dengi nayo ilisumbua Mombasa mwaka wa 2013 na 2014.

Kuna na mbu wa maji machafu, anayezaliana kwenye mitaro na vyoo vya shimo. Huko Pwani huyu hueneza ugonjwa wa matende.

Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka, kutegemea joto. Hapo ndipo mwanya wetu ulipo. Ukimwaga maji ya vyombo na kufukia vidimbwi kila wiki, mbu hafiki kuruka. Chagueni siku moja ya wiki, kwa mfano Jumamosi asubuhi, na iwe ndiyo siku ya kumwaga. Kazi hiyo haihitaji pesa. Watoto wa darasa la tatu wanaiweza, mradi mtu mzima awaonyeshe. Na hata mkifanya hivyo, msiache kulala ndani ya neti.

Nyasi zenyewe zina ubaya mwingine. Nyoka huja kwa sababu ya panya, na panya huja kwa sababu ya makombo na nafaka iliyomwagika. Nyasi ndefu huwapa wote wawili mahali pa kupita bila kuonekana. Kwa hiyo nafasi iliyo karibu na nyumba, njia ya kwenda chooni na njia ya kwenda kisimani ziwe wazi. Rundo la kuni na la mawe lisiegemezwe ukutani mwa nyumba ya kulala.

Tusisahau na funza. Huyu haji kwa sababu ya nyasi. Hupenda vumbi na mchanga mkavu, hasa ndani ya nyumba ya udongo na pale mbwa wanapolala. Mtu anaweza kuwa na uwanja uliofyekwa ukang'aa, na watoto wake wakashindwa kutembea kwa sababu ya funza. Sakafu imwagiwe maji na kufagiwa, ikandikwe vizuri, na watu wanawe miguu na kuvaa viatu. Na pini ya kutolea funza isizunguke kutoka mtu hadi mtu.

FYEKA, LAKINI USIICHUNE ARDHI

Kuna watu wakisikia bwana afya anakuja hung'oa kila kitu hadi udongo mwekundu uonekane. Uwanja huo hupendeza siku mbili tatu. Mvua ya kwanza ikija, udongo wa juu unateremka mtoni. Mwaka wa pili msingi wa nyumba umeanza kuonekana, na mbele ya mlango kuna mfereji ambao hakuna aliyeuchimba. Wanaokaa kwenye miteremko ya Murang'a, Machakos au Kisii hawahitaji kuambiwa zaidi.

Sheria haikudai hivyo. Nyasi fupi zinatosha. Kateni zibaki kwenye kifundo cha mguu, ziushike udongo. Mahali pa kuanikia nafaka na pa watoto kuchezea pafagiliwe, lakini kwenye mteremko acheni nyasi. Miti ya matunda na ya kivuli haina hatia. Punguzeni matawi yanayogusa paa, kwa sababu panya na nyoka huyatumia kama daraja, na majani yake huziba mfereji wa paa hadi maji yatuame.

Ua wa miti hai pia si kosa. Ukatwe usizibe njia, na usimfiche mtu anayetoka barabarani kwenye kona. Kama ua umepandwa mpakani, msikate kabla ya kuongea na jirani. Kesi nyingi za mpaka huanza na panga moja la asubuhi.

Kuna mimea ambayo kweli inafaa kung'olewa. Sheria ya Kuzuia Magugu Hatari, Sura ya 325, inamtaka mwenye ardhi kuondoa magugu yaliyotangazwa kuwa hatari. Mathenge, ule mti wa miiba uliojaa Baringo na sehemu nyingine kame, ulitangazwa mwaka wa 2008. Parthenium ilitangazwa mwaka wa 2010. Hii ya pili ni ya kuangaliwa sana kwa sababu humea kando ya barabara na ndani ya viwanja vyetu. Ndugu zetu wa Tanzania huiita gugu karoti, kwani majani yake yanafanana na ya karoti, na maua yake ni meupe na madogo. Huwasha ngozi, huwasumbua wenye pumu, na ng'ombe akiila maziwa huwa machungu. Ing'oeni kabla haijatoa maua, mkiwa mmevaa glavu au mmefunga mikono kwa mfuko. Watoto wasitumwe kazi hiyo. Na kama kuna mbarika karibu na nyumba yenye watoto wadogo, kumbukeni mbegu zake zina sumu.

Mkishafyeka, msichome moto. Nyasi zilizokatwa ni chakula cha mifugo, ni mbolea ya shimo, ni matandazo ya kufunika mizizi ya ndizi na sukumawiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe: zile zinazooza kando, na zisizooza kando. Kwa mtu wa shamba hilo si jambo geni. Mabua na maganda yaende kwenye mbolea. Chupa, makopo na plastiki viwekwe kwenye gunia lake, vikingojea kuuzwa au kupelekwa panapofaa. Tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 uchafu umepungua, lakini chupa bado ni nyingi, na kila chupa iliyokatwa ni kidimbwi kidogo.

NOTISI IKIJA

Sasa tufike kwenye barua yenyewe. Watu wengi wakiona karatasi yenye muhuri hufikiri tayari wameshtakiwa. Sivyo. Notisi ni onyo lenye muda, na hatua zake ni hizi.

1. Ukaguzi. Afisa wa afya ana ruhusa ya kuingia kuangalia kama kuna kero, kwa saa zinazofaa. Saa nne usiku si saa inayofaa. Mkaribisheni, na mumwombe kwa heshima aonyeshe kitambulisho cha kazi. Afisa wa kweli hachukii.

2. Notisi. Chini ya kifungu cha 119, akiridhika kwamba kero ipo, hutoa notisi kwa aliyeileta. Huyo asipopatikana, notisi humwendea anayekaa hapo au mwenye mali. Notisi itaje kero ni ipi na iondolewe ndani ya muda gani. Kama haisomeki au haieleweki, mwambieni afisa aeleze. Kama ni ya mdomo tu, ombeni iandikwe.

3. Kazi. Ukiiondoa kero ndani ya muda ule, mambo kwa kawaida huishia hapo. Mwiteni afisa aje aone, au mwende ofisini kumwarifu. Andikeni tarehe. Kama muda ni mfupi mno, ombeni nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha.

4. Korti. Mtu akipuuza notisi, kifungu cha 120 kinamtaka afisa apeleke malalamiko kwa hakimu. Mtu huitwa, naye ana haki ya kujieleza. Hakimu akiona kero ipo, huweza kuamuru iondolewe na kutoza faini. Mtu akikaidi hata amri hiyo, afisa anaweza kuruhusiwa kuifanya kazi mwenyewe na gharama zikadaiwa kwa mhusika.

Mmeona faini inatoka wapi? Inatoka kortini. Chini ya sheria hii, afisa aliyesimama langoni kwako hana faini ya kutoza mfukoni mwako. Akikwambia utoe kitu kidogo ili asiandike, hiyo si faini, ni hongo. Malipo yoyote halali ya kaunti yana risiti. Pasipo risiti, usilipe. Mtu akisumbuliwa namna hiyo asibaki peke yake. Aje na mwanakikundi mmoja au wawili, waende wote kwa mkubwa wa afisa huyo au kwa msimamizi wa wodi. Lakini tuwe waadilifu pia. Maafisa wengi wanafanya kazi yao katika eneo kubwa, bila gari, na wakifika kwako wamekuja kwa ajili ya watoto wako.

NYUMBA ILIYOFUNGWA, NA SHOSHO ASIYE NA NGUVU

Kuna hali mbili zinazoleta shida katika vijiji vingi, nasi tunaomba kila kikundi kizifikirie.

Ya kwanza ni boma lililofungwa. Mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo, na nyasi zimemeza mlango. Sheria inasema kama nyumba haina mtu, notisi hupewa mwenye mali. Kwa hiyo jirani wa karibu asilaumiwe. Lakini msivunje ua mkaingia na mapanga, hata kama nia yenu ni njema, maana kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Mpigieni simu, au mtumieni ujumbe kupitia jamaa zake. Mwambieni kikundi kiko tayari kufyeka kwa malipo ya haki. Wengi watakubali upesi, na hilo linaweza kuwa jambo la kuingizia kikundi pesa kila msimu. Akikataa na hatari ipo, mwarifuni afisa wa afya kwa maandishi.

Ya pili ni nzito zaidi. Tuseme kuna shosho anayeishi peke yake. Watoto wamekufa au wamepotelea mjini. Macho hayaoni vizuri, na mgongo haunyooki. Nyasi zimemzidi, choo kimetitia, na maji ya paa yanatuama mlangoni. Notisi inakuja. Sheria haina mstari unaosema mzee aachwe. Barua inamwita yeye kama inavyomwita kijana wa miaka ishirini na mitano.

Na hofu ya shosho huyo si ya nyasi. Hofu yake ni shamba. Akiona karatasi ya serikali anafikiri anafukuzwa, na huenda akatokea mtu wa kumwambia kwamba ni heri auze mapema kuliko kushtakiwa. Basi mwambieni wazi, kwa lugha anayoielewa vizuri: notisi ya kero haimpi mtu yeyote haki juu ya ardhi yake. Inadai kazi ifanywe, basi. Asitie kidole gumba kwenye karatasi nyingine yoyote inayoletwa pamoja nayo kabla mtu anayemwamini hajaisoma. Kisha mkawafyekee nyasi zake. Kazi ambayo ingemchukua mwezi mmoja na kumvunja, watu kumi huimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo kikundi cha kujisaidia huonyesha kwamba ni kikundi. Kuchanga pesa za mzunguko ni vizuri. Lakini kama mwanachama anaweza kupokea karatasi Jumatatu na akalia nayo peke yake hadi Ijumaa, basi kuna jambo hatujalimaliza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunapendekeza mpango mdogo, usio na gharama kubwa.

Kwanza, zungukeni kijiji mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu na kabla ya vuli. Wachagueni watu wanne, wawili wanawake na wawili wanaume, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu. Wasiende kukagua watu kama askari. Waende kusalimia, na waanze na maboma yao wenyewe. Waandike mambo matano tu: maji yaliyotuama, choo, takataka, nyasi karibu na nyumba, na kama mwenye boma ana nguvu ya kufanya kazi hiyo.

Pili, kazi ya pamoja. Wale waliopatikana hawana nguvu, wafanyiwe katika siku moja. Kila mtu aje na kifaa chake: panga, fyekeo, jembe, reki. Kikundi kikiwa na akiba, kinunue toroli moja na glavu. Vifaa hivyo viandikwe kwenye daftari, na anayeazima atie sahihi.

Tatu, wekeni faili ya barua. Notisi yoyote inayomfikia mwanachama, nakala yake iingie humo, pamoja na tarehe kazi ilipomalizika. Siku moja karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo shahidi wenu.

Nne, mwalikeni afisa wa afya kwenye mkutano kabla ya msimu, si baada ya notisi. Mwulizeni kaunti imeweka sheria gani. Afisa aliyekunywa chai nanyi mkutanoni, mkiwa na daftari mezani, ni rahisi kuelewana naye siku ya ukaguzi.

Tano, katika ploti za kupangisha, mwenye nyumba na wapangaji waandikiane nani anafyeka, nani anazoa takataka, nani analipa choo kikijaa. Ubovu wa jengo lenyewe, sheria humdai mwenye nyumba. Uchafu wa kila siku ni wa wanaoishi hapo.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

Someni makala hii kwa sauti, kisha mgawanyike watu sita sita na kujibu:

1. Katika kijiji chetu, maji hutuama wapi kwa zaidi ya wiki moja baada ya mvua? Nani atayafukia, na lini?

2. Je, tuko ndani ya mpaka wa mji au nje? Nani ataenda kuuliza ofisini, na ataleta jibu siku gani?

3. Ni boma gani halina mtu? Nani ana namba ya simu ya mwenyewe?

4. Ni nani kati yetu hawezi kushika panga tena? Tutamfyekea siku gani?

Katibu aandike majibu pamoja na jina la mtu na tarehe kando ya kila kazi. Mkutano ujao uanze kwa kuyasoma hayo.